Papa Sandukuni

Daktari wa kliniki ya sukari alimwambia Bibi mambo matatu: apunguze chumvi, apunguze sukari, ale kwa wakati. Shangazi, aliyekuja kutoka Dar kumsindikiza, alirudi nyumbani kwetu Ngamiani na yale mawili ya kwanza. La tatu likabaki hukohuko hospitali. Na hayo mawili aliyatilia nguvu zake zote.

Kufikia magharibi nyumba ilikuwa na serikali mpya. Kopo la chumvi likahamia chumbani kwa Shangazi. Nazi zikapigwa marufuku, wali ukafukuzwa, na mkate wa kumimina ukawa unatajwa kwa sauti ya chini, kama marehemu. Asubuhi Bibi aliletewa uji wa dona mkavu. Mchana ugali wa dona kiasi cha ngumi ya mtoto, na mchicha uliochemshwa kwa maji matupu. Usiku karoti mbichi na matango, kwa kuwa Shangazi alisoma kwenye simu kwamba mboga ikipikwa huisha nguvu. Bibi ana miaka 78. Meno aliyobaki nayo hayafiki sita, na hayatazamani.

“Mume wangu,” aliniambia, maana ndivyo anavyotuita wajukuu zake wa kiume, “hivi nimekuwa mbuzi?”

Mbele ya mwanawe, hata hivyo, hakubisha. Alipokea sahani, akasema ahsante mwanangu, akaenda nayo uani. Haukupita muda kuku wa jirani wakawa wanashinda kwetu, wamenawiri, na Bibi akawa anaifunga kanga yake mizunguko miwili pale ulipotosha mmoja.

Ndipo harufu ikaanza. Baba akasema panya kafia darini. Fundi akaitwa, akabandua mbao mbili za dari, akashuka na vumbi na mavi ya popo, panya hakumwona, na hela yake akaidai vilevile. Makabati yakasogezwa, choo kikamwagiwa dawa. Muda wote huo Bibi ameketi kitandani anavuta tasbihi, mtulivu kupita kiasi. Shangazi alifuata pua yake mpaka mvunguni, kwenye sanduku la mninga linalofunguliwa sikukuu kwa sikukuu. Chini ya doti za kanga, ndani ya gazeti, palikuwa na kipande cha papa mkavu urefu wa kiganja, ncha moja imefyonzwa hadi ikawa nyeupe, na kando yake kashata zimebandana.

Baba alicheka mpaka akatoka nje. Shangazi alilia. Na alikuwa na haki ya kulia, kwa sababu Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, ukijumlisha ya mchuzini, ya kwenye mkate na ya kwenye samaki. Ile ya mchuzini tulimnyima Bibi, akajilipa kwa papa, tena na riba. Papa akatupwa, ulinzi ukaongezwa, na hakuna aliyeuliza kwa nini mama mtu mzima ale kwa kujificha ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Asubuhi moja Bibi akameza kidonge chake cha sukari kama kawaida, uji ukaenda kwa kuku. Saa nne tulimkuta barazani jasho linamtiririka, mikono inatetemeka, anamwagiza Babu alete baiskeli. Babu tulimzika zamani. Shangazi akataka aitwe mtu wa kumsomea. Jirani yetu muuza vitumbua, ambaye mumewe ana ugonjwa huohuo, hakungoja ruhusa ya mtu. Alimkalisha Bibi wima, akahakikisha anaweza kumeza, akamnywesha chai ya rangi yenye sukari tele. Baada ya kitambo Bibi akauliza ni nani aliyepika chai nzuri namna hii.

Tulimkimbiza hospitali hata hivyo, na ilikuwa heri. Dawa aliyokuwa anameza, glibenklamaidi, hulisukuma kongosho litoe insulini, uwe umekula au hujala. Usipokula, sukari ya damu huporomoka. Kwa mzee dawa hiyo hukawia mwilini, hivyo anaweza kuzinduka kwa chai na saa chache baadaye akaanguka tena. Walimlaza, wakambadilishia dawa.

Kisha wakampima uzito. Kadi yake ya kliniki ilisema kilo 58. Mizani ikasema 52. Daktari alieleza kwamba kwa umri ule kilo zinazokimbia hivyo huondoka na misuli, na misuli ndiyo inayomwinua mzee kwenye kigoda na kumzuia asianguke bafuni. Mzee ambaye figo zake ni nzima anahitaji protini angalau gramu 1 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Yai moja lina kama gramu 6. Mchicha haukufikishi huko hata ukila beseni.

Siku hizi Bibi huamka na yai. Mchana hula mseto wa choroko uliolainika vizuri, au chukuchuku ya samaki yenye ndimu, tangawizi na pilipili manga, kwa sababu ulimi nao huzeeka, na chumvi ikipungua lazima kitu kingine kisimame badala yake. Dagaa husagwa na kutiwa kwenye mchicha. Jioni mtindi. Maji hupewa bila kungoja aseme ana kiu, maana kiu ya wazee huchelewa. Karoti sina ugomvi nazo: zikichemshwa zikalegea, huzila zote, na kuku wa jirani wamerudi kwao. Mizani ya mwisho ilisoma 56.

Wewe mwenye mzee anayemeza vidonge vya sukari, kabla hujamuuliza daktari chakula gani cha kumkataza, muulize hili: dawa hii ikimezwa na tumbo tupu, itamfanya nini?