Siku Niliponunua V8

Kosa langu la kwanza lilikuwa kutuma maneno bila picha. Nikiwa bado Kariakoo, jasho likinitiririka mgongoni, niliandika kwenye kundi la ukoo: "Alhamdulillah, nimechukua V8." Kisha simu ikaisha chaji.

Basi lilipofika kwetu Lugoba, ukoo ulikuwa umeshapanga kila kitu. Shangazi wa Msata alikuwa ameshaahidi gari hilo limbebe bibi harusi. Binamu ambaye hatujasemeshana tangu mirathi ya babu alikuwa ameshauliza kama nimepata dereva. Kituoni nilimkuta mjomba amesimama na kanzu ya Ijumaa, na siku yenyewe ni Jumanne.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba. Umeliegesha wapi?"

Nikafungua mfuko mweusi. Nchi hii V8 ni Land Cruiser ya mheshimiwa, ile inayopita kwa kasi kuelekea Segera vioo vimepandishwa. Yangu ilikuwa na ukubwa wa kisahani cha chai, vitaa vya rangi, na vitufe vyenye maandishi ya Kichina. Ilikuwa saundikadi: kijisanduku kinachopokea sauti kutoka kwenye maiki, kikaigeuza tarakimu na kuipeleka kwenye kompyuta au simu. Mjomba aliigeuza juu chini kana kwamba anatafuta magurudumu, akanirudishia.

"Haya. Twende kwa miguu."

Kisa chenyewe kilianzia kwake. Rafiki yake wa ujana, aliyeendesha lori la kokoto maisha yake yote, alikuwa amefariki. Mjomba akamtungia utenzi wa kumuaga, akataka urekodiwe ili siku ya arobaini usikike hata kwa jamaa walioko Tanga. Mimi, kwa mdomo wangu, nikasema nina studio. Studio hiyo ilikuwa stoo yenye kompyuta moja, maiki moja ya kondensa, na kuku mtetea aliyekuwa akiatamia nyuma ya mlango.

Mtu wa huku kwetu hachagui nanasi la Kiwangwa kwa macho, hulinusa kwanza. Mimi saundikadi niliichagua kwa kuhesabu vitufe. Muuzaji aliponiuliza naitaka ya kazi gani, nikamjibu, "Ya bei nafuu." Akanipa kinacholingana na jibu hilo.

Tukaingia stoo. Mjomba akavaa hedifoni, akafumba macho, akaanza. Ubeti wa tatu, wa sanda na udongo, ulikuwa mzito hata mtetea alinyamaza. Nikanyoosha mkono nipandishe sauti kidogo, kidole kikagusa kitufe jirani. Kumbe V8 hizi zimetengenezewa watu wanaojirusha mubashara mtandaoni, zina vichekesho vyao ndani. Umati mzima ukaangua kicheko.

Mjomba akafumbua macho, akatazama pembe zote za stoo, asimwone mtu isipokuwa mimi.

"Unamcheka marehemu?"

Kwa kuhaha nikabonyeza kitufe kingine. Makofi.

"Sasa unampigia makofi kwamba amekufa!"

Nikabonyeza cha tatu, mjomba akasikia sauti yake mwenyewe imekuwa ya mtoto wa miaka minne ikiuliza, "Umefanya nini wewe?" Akavua hedifoni taratibu, akaziweka juu ya gunia la mahindi, akatoka. Sikumwona siku tatu.

Siku hizo tatu nilisikiliza nilichorekodi. Ukiondoa kicheko, mjomba alisikika kama mtu aliyetumbukia kisimani. Nikiongeza sauti, unakuja mvumo kama wa nyuki mzingani. Nikapanda gari hadi Bagamoyo mjini kwa rafiki yangu aliyesomea muziki TaSUBa, taasisi ile iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaniuliza maswali matatu ambayo ningepaswa kujiuliza kabla ya kukanyaga Kariakoo.

"Wanaimba wangapi kwa mpigo?"

"Mmoja. Na kuku."

"Kuku hahitaji tundu lake, huyo huingia bure. Tundu moja la maiki linakutosha. Maiki yako ni ya aina gani?"

Hapo ndipo nilipojua kisima kimetoka wapi. Maiki ya kondensa hutaka umeme wa volti 48 uipandie kwa waya uleule unaoshusha sauti, na ile V8 yangu umeme huo haikuwa nao. Maiki ilikuwa inafanya kazi na njaa. Mvumo nao ulikuwa wangu: nyumba yetu haina waya wa ardhi, nami nilirekodi huku kompyuta imechomekwa kwenye chaji. Dawa yake ni kuchomoa chaja na kutumia betri. Bure kabisa.

Swali la tatu lilikuwa la kuchelewa. Kompyuta hukusanya sauti kwa mafungu kabla ya kuishughulikia. Fungu la sampuli 1,024, kwa mwendo wa sampuli 44,100 kwa sekunde, peke yake huchelewesha sauti milisekunde 23. Katika muda huo sauti hewani huwa imetembea karibu mita nane. Ni kama mjomba aimbe stoo halafu ajisikie kutoka kwa jirani. Kwa hiyo utafute saundikadi yenye swichi ya kumrudishia mwimbaji sauti yake moja kwa moja, isizunguke kwanza kwenye kompyuta.

Akanitajia Scarlett Solo ya Focusrite na UMC22 ya Behringer, kila moja na tundu moja la maiki lenye zile volti 48 na tundu moja la gitaa. "Bendi za zamani," akaongeza, "zilikuwa zinaingia studio ya Radio Tanzania, wanapiga wote kwa pamoja chumba kimoja, na nyimbo zao tunazo hadi leo. Wewe una mzee mmoja, unahangaika na taa za rangi."

Nikauza mbuzi, nikanunua moja kati ya hizo mbili, iliyokwisha tumika. Safari hii sikuandika kitu kwenye kundi la ukoo.

Nikaichomeka, nikavaa hedifoni, nikasikia Lugoba. Nilisikia mashine za kusaga mawe kule machimboni, moja moja. Nilisikia malori yakibadili gia, basi la Arusha likipiga honi, mama akitwanga kisamvu, na mtetea akigeuza mayai. Nilikuwa nimeuza mbuzi ili nisikie kokoto vizuri zaidi. Saundikadi nzuri haichagui cha kupokea. Ukiiwekea zogo, itakuletea zogo safi.

Rafiki yangu akaniazima maiki ya dainamiki, ile ya majukwaani ambayo haisikii mbali, mwimbaji huisogeza karibu na mdomo. Nikasimamisha magodoro mawili, nikatundika blanketi na kanga zote za mama, na mtetea nikamhamishia jikoni na mayai yake. Mjomba nikamwomba radhi kwa kilo mbili za sukari. Tukaingia saa tisa na nusu usiku, machimbo yamelala, muadhini hajaamka.

Akaimba utenzi wote, bila kukosea hata mara moja. Vitaa vya kijani vikapanda na kushuka pamoja naye. Na katika mstari wa mwisho kabisa, ule wa kwaheri, lori lililosheheni likapita barabarani likashika breki ndefu, psss, ikaingia yote.

Nikaguna. "Samahani, mjomba. Turudie ubeti huo."

Akakaa kimya hadi mlio wa lori ukapotelea upande wa Chalinze.

"Usirudie. Umesikia mwenyewe anavyoagwa na wenzake."

Nikahifadhi vilevile ilivyo. Nilikuwa nakunja blanketi aliponigusa bega, akateremsha sauti kana kwamba kuna mtu wa tatu mle stoo.

"Ile V8 yako bado unayo?"

"Ninayo, mjomba. Kwa nini?"

"Yale makofi," akasema. "Mwishoni pale, niwekee kidogo."