Chupa ya Soda, Ndani Ulanzi

Jumapili ile mama mkwe alifika kwetu Kalenga saa nne asubuhi, amevaa kitenge cha sare ya harusi, na kabla hajaketi akauliza televisheni iko wapi. "Kamwene, mama," nikamwamkia. Akaitikia huku macho yanatafuta kioo. Shemeji yangu alikuwa ameolewa baada ya Pasaka, na mpiga video ndiyo kwanza alikuwa amemwekea mke wangu kazi yake kwenye flashi: saa mbili na ushei za ngoma, nasaha na keki. Mama mkwe alitaka kujiona anacheza.

Tukachomeka flashi. Sauti ikatoka safi, emsii anaita kamati, vigelegele vinapokezana, lakini kioo cheusi tii. Mama mkwe akategea sikio. "Huyo ni mimi ninayepiga kigelegele. Sasa sura yangu wameipeleka wapi?"

Chini ya kioo kulikuwa na maneno ya Kiingereza ambayo nilielewa nusunusu: kwamba fomati haikubaliki. Nikajiongeza. Kama haikubaliki, si inawekwa nyingine? Nikachomeka flashi kwenye laptopu ya kijana wangu wa kidato cha tatu, nikatafuta penye neno fomati, nikabofya. Sekunde chache tu, flashi ikawa tupu kama siku ilipotoka dukani.

Mke wangu akatokea jikoni na mwiko mkononi. "Baba watoto, na nyimbo zangu za kwaya?"

Za miaka sita. Zote zilikuwa humo.

Bahati kijana alishanakili video kwenye laptopu. Akairudisha kwenye flashi. Kioo kikabaki cheusi vilevile. Nikashauri tubadili jina la faili, maana liliishia na mkv na mimi nilizoea kuona zinazocheza zinaishia na mp4. Tukabadili. Televisheni haikudanganyika.

Hapo ndipo kijana akapakua MediaInfo, programu huria, ya bure, ndogo kiasi kwamba bando langu halikulia. Akaiburuta faili, akaiachia juu ya dirisha lake. Mistari ikashuka. Jina tulilobandika halikuishughulisha: ndani ni Matroska, ikasema, muda saa 2 na dakika 14, picha 1920 kwa 1080, fremu 25 kwa sekunde, mfumo HEVC wa biti 10, sauti AAC.

"Bibi, mp4 au mkv ni chupa tu," kijana akaeleza. "Ni kama mtu achukue chupa ya soda ajaze pombe ya ulanzi. Ukisoma lebo utaapa ni soda."

Nikakohoa.

HEVC ilitoka mwaka 2013. Televisheni yetu niliinunua 2011. Ilikuwa inaletewa lugha ambayo haijawahi kuisikia. AAC iliijua, ndiyo maana vigelegele vilipita na sura zikagoma.

Mama mkwe alielewa upesi kuliko mimi. "Ndivyo walivyokitambua kichwa cha mtwa Mkwawa," akasema, akielekeza kidevu upande wa makumbusho. "Walipima." Kweli. Wajerumani walikuwa wamekichukua kichwa cha chifu huyo wa Wahehe, na Gavana Twining wa Tanganyika alipoyakuta mafuvu kule Bremen, alilinganisha vipimo vyake na vya vichwa vya ndugu wa Mkwawa waliokuwa hai, na fuvu alilolichagua likaletwa hapa Kalenga mwaka 1954.

Kijana akaleta programu nyingine ya bure, HandBrake, aigeuze picha kuwa H.264, mfumo wa 2003 ambao televisheni inaujua. Laptopu ikavuma usiku kucha kama mashine ya kusaga. Mama mkwe akalala kwetu. Umeme, ajabu, haukukatika.

Asubuhi sura zikaja. Mama mkwe akajiona anazungusha kitambaa, akacheka mpaka akafuta machozi. Mke wangu akasogea na mwiko wake. Kisha kamera ikaacha wachezaji, ikapita nyuma ya turubai, na huko alikuwa mwenyekiti wa kamati, yule aliyeapa kwamba siku nzima amekunywa soda tu. Ameinamisha dumu la njano juu ya chupa ya soda, taratibu, ulimi umetoka kidogo pembeni, asimwage hata tone.

Mama mkwe hakunitazama.

"Mjukuu wangu," akasema, "hebu irudishe hapo kidogo."