Kahawa ya Mwalimu Hainyweki

Nilipoolewa, mawifi zangu walinihakikishia kwamba kaka yao hana starehe. Havuti, hanywi, Simba na Yanga wakicheza yeye anasahihisha madaftari, na akitoka shule njia yake ni moja, ya nyumbani. Nikamshukuru Mungu. Hakuna aliyeniambia kwamba mwanamume asiye na starehe ya nje iko siku ataileta ndani, na ikishaingia ndani haitoki tena, maana inakula na kulala humo humo.

Iliingia ikiwa imeviringishwa kwenye gazeti. Mwalimu, ndivyo wanavyomwita mtaa wetu wa Ngamiani nzima nami nimezoea, aliinunua kwa muuza mitumba ambaye hakujua anauza nini. Ilikuwa kamera aina ya Yashica-Mat 124 G, iliyoanza kutengenezwa Japani mwaka 1970, yenye macho mawili yaliyopandana. La juu ni la kutazamia, la chini ndilo linalopiga. Kamera hii haiwekwi usoni. Unaishika usawa wa tumbo, unafungua kifuniko cha juu, halafu unainama kutazama kioo, na kioo chenyewe kinageuza kulia kuwa kushoto. Tangu siku hiyo familia yangu inapangwa na mtu aliyeinamisha kichwa, anayesema "sogeeni kulia" huku mkono wake unapunga kushoto. Na kwa kuwa mkanda mmoja wa filamu ya 120 unatoa picha 12 tu, kila picha hupigwa baada ya kikao. Kitinda mimba wetu amejifunza kusinzia akiwa wima.

Ingekuwa hiyo moja, ningesema heri. Ikafuata Zenit ya Kirusi, chuma kitupu, ambayo upepo wa kusi ukivuma mimi huzuilia mlango wa uani. Likafuata sanduku la Kodak, Brownie Six-20, lisilo na cha kurekebisha wala cha kupima. Ukinung'unika unapewa somo. Brownie ya kwanza, atakwambia, ilitoka mwaka 1900 kwa bei ya dola 1, na hapo ndipo mtu wa kawaida alipoanza kumiliki kamera yake. Ukimuuliza kwa nini asitumie simu, anakuvusha bahari hadi Unguja, kwenye Capital Art Studio aliyoifungua Ranchhod Oza mwaka 1930, ambako watu walikwenda wamevaa nguo zao za Idi kwa sababu kupigwa picha lilikuwa jambo.

"Kwenye simu yako mna picha elfu nne, mama watoto," huniambia. "Nitajie moja."

Sina jibu, na hilo ndilo linaloniudhi.

Kodak ile ina shida yake. Inataka filamu ya 620, na 620 haitengenezwi tena. Filamu ya 120 ni ile ile kwa upana, ila kigurudumu chake ni kinene na hakiingii sandukuni, kwa hiyo sharti uihamishie kwenye kigurudumu cha zamani, gizani, giza la kweli lisilo na hata mwanga wa chini ya mlango. Nyumba yetu haina giza la namna hiyo. Basi nimewahi kuamka usiku wa manane nikamkuta mume wangu ameketi ukingoni mwa kitanda, koti lake la harusi amelivaa kinyumenyume, vifungo mgongoni, mikono imezama ndani ya mikono ya koti, blanketi limefunika magoti, naye anahesabu kwa kunong'ona. Mwanamke mwingine angepiga yowe. Mimi nilinyoosha mkono kuwasha taa.

"Usiwashe!" Yowe akapiga yeye.

Sasa tuje kwenye kuvu. Tanga ni mji wa pwani, na unyevu wa pwani hauchagui. Chumvi inalowa, biskuti zinalegea, na ndani ya lenzi kongwe huota nyuzi nyembamba nyeupe zinazotambaa kutoka ukingoni kwenda katikati. Kuvu hao hula utando uliopakwa juu ya kioo, na ukishaliwa haurudi. Dawa ni kuweka kamera pakavu. Mwalimu alikuwa amesikia kwamba mchele unanyonya unyevu. Jioni moja niko mbioni kupika, nikazamisha kikombe kwenye ndoo ya mchele, kikagonga chuma. Nikaivuta Zenit kwa mkanda wake, imejaa chenga kila tundu. Kamera haikukauka zaidi ya ilivyokuwa, na shata ya Zenit ikaanza kukwaruza kwa sababu ya vumbi la pumba. Zenit ikarudi mlangoni.

Dawa ya pili ni jua, kwa sababu mionzi yake huua kuvu. Hapo ndipo mama mkwe alipoingia kisani.

Alikuja kutoka Pangani kwa ajili ya arusi ya jamaa, na mkobani alikuwa na doti mpya ya kanga aliyoifua na kuianika uani ili ilainike. Jina la kanga: Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mwalimu naye asubuhi hiyo alikuwa amefungua mashine yake ya kukuzia picha, akatoa lenzi mbili nene za kukusanyia mwanga, akatafuta kitambaa laini ili kioo kisichubuke. Kilichokuwa karibu kwenye kamba ni kanga. Akaitandika juu ya meza, lenzi moja akailaza, ya pili akaiegemeza kwenye mdomo wa kopo, akaenda zake shuleni kusimamia mtihani.

Mimi nilikuwa nachambua mchicha kizingitini, nikaona kinukta juu ya kanga. Kilikuwa kidogo kuliko punje ya mtama, na cheupe hata hakitazamiki. Jua lilipokuwa linapanda nacho kilikuwa kikitembea taratibu kwenye maandishi, nyuma yake kikiacha mstari wa rangi ya chai. Halafu kikatulia. Ukapanda uzi wa moshi ulionyooka, bila upepo wa kuupinda, na kabla sijafika na kata ya maji tundu lilikuwa tayari, kingo zake nyekundu.

Mama mkwe aliipokea kanga yake, akaikunjua, akasoma. Neno "akuavyo" halikuwepo.

"Limekula mahali penyewe," alisema, akaikunja tena. Hakuongeza neno, na mwanawe aliporudi hakuitikia shikamoo yake mpaka baada ya magharibi.

Mtu mwenye busara angetulia wiki hiyo. Mwalimu alikuwa na mkanda uliokwisha kupigwa, mama yake akiwamo ndani, na aliamini kwamba picha nzuri ya mama ndiyo itakayoleta suluhu. Kilichobaki ni kuisafisha. Dawa za kusafishia za viwandani ni ghali na ziko mbali, lakini kuna njia ya jikoni ambayo Scott Williams na wanafunzi wake waliifanyia kazi mwaka 1995 katika chuo kimoja cha Rochester, Marekani, mji ule ule wa Kodak. Siku hizi inataka kahawa ya unga inayoyeyuka, magadi na vitamini C. Asidi zilizomo kwenye kahawa ndizo zinazoibua picha kwenye filamu, kafeini haina kazi hapo, na kahawa ya robusta inazo asidi hizo kwa wingi kuliko arabika. Maana yake ni kwamba kahawa yetu ya Bukoba, ambayo wenye kujisikia huikunjia pua, ndiyo hasa inayotakiwa. Hili Mwalimu alilitangaza kwa fahari ya taifa, kisha akamwaga kopo langu lote.

Kwa nusu lita ya maji: magadi makavu gramu 27, vitamini C gramu 8, kahawa gramu 20. Vitamini alichukua ya watoto. Magadi alichukua ya makande. Mchanganyiko wenyewe unatakiwa uwe nyuzi 20, na maji ya bomba la Tanga hayajawahi kusikia habari ya nyuzi 20. Kwa hiyo akautia kwenye birika, birika akalisimamisha kwenye beseni la barafu, akaingia stoo na koti lake kuipakia filamu kwenye tangi.

Ilikuwa baada ya alasiri. Wazee wawili wa mtaa walikuwa wamekuja kumjulia hali mama mkwe, wakaketi barazani.

"Mwanangu, wageni wapewe kahawa," mama mkwe akaagiza.

Binti yetu mkubwa ni mtoto msikivu. Alikwenda jikoni, akakuta birika la kahawa limepoa, akashangaa ni nani aliyeliweka kwenye barafu. Akaliinjika. Mimi nilikuwa dukani kwa sukari. Niliporudi harufu ilinipokea njia panda: kitu kinachochacha na kuungua kwa wakati mmoja. Paka alikuwa juu ya ukuta wa jirani na hakuonyesha nia ya kurudi. Barazani, vikombe vilikuwa vimejaa na kashata ziko sahanini.

Mzee wa kwanza, mtu mwenye adabu zake, aliinua kikombe hadi puani. Akakishikilia hapo kidogo. Akakirudisha chini polepole kwa mikono miwili.

"Alhamdulillahi," akasema. "Nimesahau, mwenzenu leo nimefunga."

Kwenye ndevu zake palikuwa na chembe za kashata.

"Nami nimefunga," akadakia wa pili. "Tumefunga pamoja."

Nikavipokonya vikombe kabla mama mkwe hajaonja, nikavimwaga mwenyewe. Mwalimu akatoka stoo na tangi mkononi, akaliona birika linafuka moshi, akakaa chini sakafuni. Dawa ikishachemshwa haifai. Kahawa kopo zima imekwenda. Filamu iko ndani ya tangi gizani, na ndani ya filamu yumo mama yake.

Huruma ilinishika, lakini zaidi ya huruma nilishikwa na udadisi wa kitaaluma. Niliangalia mabaki ya magadi yake kwenye mizani, nikayaminya kwa vidole: mabichi! Magadi ya sokoni yana maji na hewa ndani yake, ndiyo maana yanatoa povu kwenye maharage. Ukiyapima hivyo unapima maji. Mwalimu wa hesabu alikuwa na gramu zake 27 sawasawa, za kitu kisichokuwa chenyewe. Nilimtuma kitinda mimba dukani kwa pakiti za kahawa, nikayatwanga magadi, nikayakaanga kwenye kikaango kikavu, nikigeuza, mpaka yakaacha kupumua na kuwa unga mwepesi. Ndipo nikapima.

Magadi yalitangulia majini mpaka yakayeyuka kabisa. Vitamini ikafuata, kidogo kidogo, maana ikikutana na magadi inafurika. Povu lilipokufa nikatia kahawa. Barafu niliizungushia nje ya birika, na kipimajoto kiliposema 20, nikamwita. Tulimimina, tukafunga. Robo saa nzima, kila dakika tangi linapinduliwa mara tatu kwa upole. Yeye alishika saa, tangi nilishika mimi, kwa sababu mkono wake ulikuwa unatetemeka. Kisha tukasuuza, tukatia haipo, ile dawa ya kuigandisha picha isiendelee kula mwanga, ambayo anainunua kwa wauza samaki wa mapambo kwa kuwa wao huitumia kuondoa klorini majini.

Akaufungua mkanda, akauinua dhidi ya dirisha. Picha 12, safi, kila uzi wa mkeka unaonekana. Mama mkwe akasogea kutazama. Kwenye negativu cheusi huwa cheupe, naye siku ile alikuwa amevaa buibui.

Alitazama kwa muda mrefu.

"Mbona umenivika sanda?"

Hapo hata wazee waliofunga walicheka mpaka mmoja akaomba maji, akayanywa.

Hukumu ilitolewa usiku ule, mama mkwe akiwa juu ya kiti na mwanawe juu ya mkeka. Mchele uachwe kuwa mchele. Kamera zihifadhiwe kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Lenzi zisianikwe bila mtu wa kuzilinda. Doti mpya ya kanga inunuliwe, na jina lake atalichagua mwenyewe aliyeunguziwa. Birika la wageni na birika la dawa visikutane, wala visifanane. Na mwisho, Mwalimu asipike tena dawa katika nyumba hii, kwa kuwa kupika ni kujua kitu kilivyo kabla ya kukipima, na hilo chuo cha ualimu hakikumfundisha.

Basi sasa dawa ninapika mimi. Nimeshaongeza chumvi kidogo ya mawe kwa jaribio, nimeona ukungu wa kwenye filamu unapungua, na nina daftari langu. Watu wakija kutazama picha ukutani Mwalimu hueleza habari ya Yashica na macho yake mawili, Brownie na dola yake moja, naye Oza wa Unguja hamsahau. Mimi simkatizi. Ada yangu ni pakiti mbili za kahawa kwa kila mkanda, moja ya tangi na moja ya kunywa, na inalipwa kabla taa haijazimwa.