Mchanga wa Bure na Bili ya Maji

Mchanga unaotandazwa chini ya tangi la vioo la kufugia samaki wa mapambo si urembo tu, kwa kuwa humo pia hukaa bakteria wanaoigeuza amonia, yaani sumu itokanayo na kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula, kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, kisha naitreti isiyo kali sana. Changarawe za rangi zinazouzwa kwa kilo hufanya kazi hiyohiyo, lakini mkazi wa Mabibo, Dar es Salaam, anayepita kila siku kando ya lundo la mchanga lililomwagwa mbele ya nyumba isiyokwisha kujengwa, huona taabu kununua kitu ambacho viatu vyake humletea sebuleni bila malipo.

Kwa hesabu ya haraka, tangi lenye kitako cha sentimita 60 kwa 30 likitiwa mchanga wa kina cha sentimita 5 huhitaji lita 9, ambazo zikiwa kavu ni kama kilo 14, mzigo wa ndoo ndogo moja ambao fundi ujenzi huutoa kwa salamu tu. Kasoro ya hesabu hii, na mwandishi wa insha hii ana sababu zake za kuifahamu, ni kwamba imesahau maji.

Mchanga wa kujengea huja na vumbi, mfinyanzi na, siku ya bahati, vizibo vya soda, hivyo hauna budi kuchekechwa, kwa kawaida kwa chekecheo la unga lililochukuliwa jikoni bila ruhusa, kisha kuoshwa ndani ya ndoo kwa kuuvuruga kwa mkono na kumwaga tope hadi maji yatakate. Mchele huridhika na maji matatu. Mchanga, hata kwenye maji ya saba, bado hutoa rangi ya chai ya maziwa, na katika nyumba ya kupanga ambamo vyumba sita hugawana bili ya bomba moja la uani, ndoo hizo huhesabiwa na watu ambao hawakuombwa kuhesabu. “Shemeji,” huuliza mama wa chumba cha pili, akiwa na beseni lake la nguo kwenye foleni, “ukishaiva utatutilia na nazi?”

Wapo wanaoukwepa mfinyanzi kwa kwenda na mfuko Coco Beach, bila kujali kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 hailei shughuli za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Mchanga huo, mbali na chumvi yake, una vipande vya kombe na matumbawe, ambavyo ni chokaa, na ukidondoshewa siki hutoa mapovu. Chokaa hiyo huyafanya maji kuwa magumu, yaani yenye madini mengi, jambo linalowasumbua samaki wa mito ya Amazon waliozoea maji laini, ilhali samaki wa Ziwa Tanganyika, ambalo maji yake yana pH inayokaribia 9, hujiona wamerudi Kigoma.

Miongoni mwa hao yumo Neolamprologus multifasciatus, samaki asiyezidi urefu wa kidole, anayeishi ndani ya makombe matupu ya konokono na ambaye kwake mchanga ni kiwanja cha ujenzi. Huuchota kwa mdomo, huutema pembeni, hurudi kuchota tena, na baada ya siku chache mchanga uliosawazishwa kwa kiganja huwa mlima kwenye kona moja, huku upande wa pili kioo kikiwa kitupu na gazeti lililotandikwa chini ya tangi likisomeka vizuri, hasa ukurasa wa michezo.

Chekecheo lile la unga nalo lilirudishwa jikoni kimyakimya. Jumapili iliyofuata, chapati ya kwanza ilipotoa mlio kati ya meno, wote waliokaa mkekani waligeuka kulitazama tangi, na mhusika, badala ya kujitetea, akabaki anajiuliza kama punje ile ilikuwa imeshaoshwa.