Tufaidi Kabla Mgeni Hajaja

"Tufaidi kabla mgeni hajaja." Hiyo ndiyo kauli inayoniamsha Jumapili asubuhi, na mume wangu huitoa akiwa ameshavaa kofia. Mgeni mwenyewe ni huyu wa tumboni, ana miezi saba, mchana analala na usiku ananipiga mateke ya mbavu. Wa kufaidi ni sisi tuliobaki: yeye, mimi, na bwana mdogo wa miaka miwili na miezi kumi. Mwenzangu anaamini kwamba wa pili akishazaliwa mlango wetu utapigiliwa misumari, hatutaona tena bahari wala jua, kwa hiyo kila kilichopo Dar es Salaam lazima tukione sasa hivi. Mtu ambaye viatu vyake bado vinamwingia anaweza kusema hivyo bila kufikiri.

Ningemwelewa kama kufaidi kungekuwa kulala. Mimba hii haina haja na bahari. Inataka feni, mto wa kuweka katikati ya magoti, na embe bichi lenye chumvi na pilipili. Lakini mweleze mwanamume kwamba wewe utafaidi ukiwa kitandani, atakutazama kwa huruma na kukwambia hewa ya nje inamjenga mtoto. Hewa ya ndani imemkosea nini mtoto, hilo hajawahi kulifafanua.

Kujiandaa kwake ni simu, pochi, miwani ya jua. Basi. Kujiandaa kwangu kunaanza alfajiri na kunaingia kwenye begi: pampasi, nguo za kubadili, nguo za kubadili zile za kubadili, kanga mbili, sabuni, uji kwenye chupa ya chai, ndizi, dawa ya mafua, kofia ambayo mtoto hataivaa, na kadi yangu ya kliniki. Kadi ni amri ya mama mkwe. Anasema popote niendapo, hata nikienda gengeni kununua nyanya, niwe nayo, kwa sababu uchungu haupigi hodi. Begi likishajaa baba watoto hulinyanyua kidogo, akaguna, akauliza: "Vyote hivi vya nini?" Ni yeye huyohuyo ambaye tukifika huko, mtoto amejipaka embe mpaka masikioni, ataniuliza kama tumekumbuka kitambaa.

Bwana mdogo naye ana taratibu zake. Viatu vyake hataki, anataka ndala zangu. Akivalishwa viatu anavua kimoja, na hicho kimoja ndicho kinachopotea. Halafu bajaji ikishafika getini, dereva ameshapiga honi, begi liko begani, ndipo anaposimama kimya nyuma ya pazia huku amekunja ndita. Mzazi yeyote anaijua maana ya ukimya ule. Tunarudi ndani, tunafungua begi, tunaanza upya, na dereva anaongeza shilingi mia tano za kusubiri.

Wapo watakaouliza, kigari cha kusukuma je? Tunacho. Tuliletewa zawadi na ndugu wa ughaibuni, kizuri, kina kivuli na mahali pa kuweka kikombe. Kimetengenezwa kwa ajili ya miji yenye njia za miguu. Kwetu njia ya miguu ina meza ya karanga, bodaboda zinazokwepa foleni, shimo ambalo mfuniko wake ulikwenda kuuzwa chuma chakavu, na gari la mtu anayesema anatoka sasa hivi. Siku tulipokitoa, tulikibeba zaidi ya kilivyombeba mtoto. Siku hizi kinakaa koridoni kimebeba nguo za kupiga pasi, na kwa kazi hiyo sina malalamiko nacho.

Kwa hiyo tunapanda daladala. Na hapa niseme ukweli, makonda wa Dar es Salaam wanasemwa vibaya kuliko wanavyostahili. Tumbo langu likitokeza tu mlangoni, konda anapaza sauti: "Wapisheni mama kijacho jamani, utu kwanza!" Kijana mmoja anainuka, ninakaa. Shida inaanza baada ya kukaa. Kiti cha mwanangu tangu azaliwe ni paja langu, na paja lenyewe halipo tena, tumbo limelichukua mpaka karibu na magoti. Nikimpakata anateleza taratibu mpaka sakafuni, nampandisha, anateleza. Akikaa sawa dakika moja, huyu wa ndani anamtia teke la mgongo, naye anageuka kunikodolea macho mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyemchokoza. Baba yake wakati huo amesimama mlangoni na begi, yeye na konda wanamjadili mwamuzi wa mechi ya jana.

Daladala nzima inalijua tumbo langu kuliko daktari. Limechongoka, wa kiume huyo. Aa, limekaa pembeni, binti. Mbona kiuno kimepanuka, msije mkawa na mapacha. Siku moja bwana mdogo alichoka kuteleza, akashuka, akainama katikati ya kijia na kuchungulia watu kupitia miguuni mwake. Gari zima likashangilia. "Anamwita mdogo wake!" Nikawaambia asijisumbue, mwenziwe ameshaitika.

Bibi mmoja wa kiti cha nyuma hakucheka. Alikuwa anaipima miguu ya mwanangu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Huyu hukumbemenda kweli? Mbona kijiguu hiki?"

Nikamjibu kwa heshima zote kwamba hapana, tulipanga. Nesi wa kliniki alinieleza kwamba Shirika la Afya Duniani linashauri mama akishajifungua akae angalau miezi 24 kabla ya kushika mimba nyingine, na mimi nilikaa hiyo na ziada. Bibi akasikiliza mpaka mwisho, akafunga vizuri mtandio wake, akauliza:

"Hilo shirika lina watoto wangapi?"

Sikuwa na jibu. Tulishuka kituo kilichofuata, ambacho hakikuwa chetu.

Sehemu za elimu nazipita haraka, kwa sababu na mwanangu alizipita haraka. Baba yake alitaka aone Makumbusho ya Taifa, ajue kwamba nchi yake ni chimbuko la binadamu. Akamnyanyua mbele ya kioo na kumweleza kwa sauti ya mwalimu habari za Zinjanthropus, fuvu ambalo Mary Leakey alilifukua Olduvai mwaka 1959, la kiumbe aliyeishi kama miaka milioni moja na laki saba na nusu iliyopita, mwenye magego makubwa ajabu. Bwana mdogo akayatazama yale meno kwa makini sana. "Kapiga mswaki?" akauliza. Akajibiwa kwamba siku hizo hakukuwa na miswaki. Tangu jioni hiyo mswaki nyumbani kwetu umekuwa vita, na kila nikimkamata ananitajia mjomba wake wa Olduvai.

Ila kisa cha kueleza ni cha Kigamboni.

Safari ilikuwa ya ufukweni. Tungeweza kuzungukia Daraja la Nyerere kule Kurasini, lililofunguliwa mwaka 2016, tukavuka tukiwa tumekaa. Baba watoto akasema hapana, mtoto lazima apande pantoni, ndiyo raha yenyewe. Hiyo raha tuliingojea kwenye banda, tumesimama, tumebanana, joto la Februari. Nikakumbuka mwaka 2012, nauli ya pale ilipopanda kutoka shilingi 100 hadi 200 na watu wakalalamika, John Magufuli, wakati huo Waziri wa Ujenzi, aliwaambia wasiotaka kulipa wapige mbizi. Wakati ule niliona ni maneno makali. Siku hiyo, nikiwa na kiungulia na begi la pampasi limeniegemea, niliyaona ni ushauri wa maana. Kwa umbo nililo nalo kuzama kungekuwa na kazi.

Geti likafunguliwa, watu wakakimbia, nasi tukasukumwa ndani. Mwanangu akaingia mbinguni. Malori ndani ya meli! Pikipiki ndani ya meli! Kuku kwenye tenga, ndani ya meli! Alipiga makofi njia nzima, na ninakiri nilifurahi kumwona. Lakini njia yenyewe ni fupi, ukitafuta chenji vizuri umeshafika. Mlango ukashushwa upande wa Kigamboni, abiria wakaanza kushuka, na bwana mdogo akagundua kwamba na yeye anatakiwa kushuka.

Alijilaza chali katikati ya njia ya magari.

Mimi kuinama siwezi. Baba yake akimshika mikono, miguu inabaki sakafuni, akishika miguu, kichwa kinabaki. Nyuma yetu dereva wa lori la mchanga kazima injini na kuegemea usukani, atazame vizuri. Ushauri ukamiminika. Mchape kidogo. Usimchape, ataota. Mpe pipi. Mwambie askari anakuja. Askari kweli akaja, mtoto akamsabahi vizuri kabisa, halafu akarudi kulala. Muuza korosho akamwekea korosho mbili mkononi, akanyamaza, watu wakamsifu muuza korosho kwa moyo wake mwema. Aliyedaiwa baadaye ni mimi.

Baba watoto akafikia uamuzi ambao hata leo anauita wa busara. Wao wawili wabaki, warudi na pantoni mpaka Magogoni, kisha waje tena, mtoto aridhike. Nami nishuke na begi nikawasubiri.

Nikashuka. Nilikaa kwenye benchi la mama ntilie mmoja chini ya mwembe, akanitilia chai ya tangawizi na chapati, akanivutia ndoo ya kuegesha miguu. Pantoni ikaondoka, ikarudi, hawakushuka. Nilimwona mwanangu ananipungia. Ikaondoka tena. Chapati ya pili ilikuwa bado ya moto. Kwa mara ya kwanza mwezi ule hakuna aliyekuwa ananivuta nguo, na mama ntilie, Mungu ambariki, hakuniuliza tumbo limechongoka au limekaa pembeni. Kilichonikera ni choo tu. Mimba ya miezi saba haikupi nusu saa bila kukukumbusha, na choo cha pale ni cha kulipia, shilingi 300 kila ukiingia. Yaani kwenda haja ndogo ni ghali kuliko kuvuka bahari, na mimi safari zangu za chooni zilishazidi zao za majini.

Ufukweni hatukufika. Jua lilipoanza kushuka walitokea, bwana mdogo kalala fofofo begani kwa baba yake, kiatu kimoja hakipo. Tukageuza. Alilala njia nzima ya kurudi, akalala tulipomvua nguo, na saa nne usiku akaamka mchangamfu kabisa, anataka kucheza pantoni. Pantoni ilikuwa mimi.

Asubuhi nikafungua simu na kukuta baba watoto ametuma picha kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Maneno yake: "Jumapili ya familia." Mtoto anacheka, baba kavaa miwani, bahari nyuma yao imetulia, na pembeni kuna kiwiko changu na mkanda wa begi. Mashangazi wakamwaga maua na mioyo. Wakampongeza kwa kunitembeza. Mama mkwe peke yake ndiye aliyeniuliza mimi, na alichouliza ni kama kadi ya kliniki nilikuwa nayo.

Nilidhani Kigamboni imemtosha baba watoto. Kumbe hamu yake ya zamani ni treni ya SGR, ambayo ilianza kwenda Morogoro Juni 2024, na kila tukisikia honi yake mbali usiku mwenzangu huguna kwa uchungu. Juzi alikuja jikoni na simu mkononi, uso unang'aa, akanieleza hesabu aliyoipiga. Nauli iliyotangazwa ya daraja la kawaida mpaka Morogoro ni shilingi 13,000. Mtoto wa chini ya miaka minne halipi. Wa tumboni hata hawamuulizi. Kwa hiyo, mama, tunasafirisha watu wanne kwa nauli ya wawili, tunaona milima ya Uluguru, tunarudi jioni. Fursa hii, akasema, haitapatikana tena maishani.

"Na huyo asiye na tiketi anakaa wapi?" nikamuuliza.

"Anapakatwa tu."

Nikamwambia sawa, akate tiketi, na atakayempakata ni mwenye wazo. Alifikiri kidogo, akauliza kama mama yake angependa kuiona Uluguru.