Rimu za Binamu

Barua ndefu kuliko zote wiki hii imetoka Gitothua, wadi ya Ruiru, na mwandishi wake amejiita "Mwenye Premio". Binamu yake amemuuzia rimu nne za Mark X, inchi 18, kwa bei ya undugu. Amezifikisha nyumbani, akazisugua mpaka anajiona uso, akapiga jeki, na hapo ndipo tundu tano za rimu zilipokataa kukutana na stadi tano za gari. Fundi wa mtaani amemtuliza: hilo si neno, tutatoa hubu za Premio tuweke za Mark X. Mwenye Premio anataka kujua kama fundi asema kweli.

Fundi hakudanganya kwamba hubu hubadilishwa. Zinabadilishwa. Alichoruka ni gari lipi kwa lipi.

Premio ina stadi tano zilizopangwa kwenye mduara wa milimita 100. Mark X nayo ina tano, ila mduara wake ni milimita 114.3, ambazo ni inchi nne na nusu. Huo mduara ndio mafundi huuita PCD. Tofauti ya milimita 14.3 ni ndogo kwa macho, na kwa macho ya mtu aliyekwisha kulipa ni ndogo zaidi, lakini nati haijui huruma.

Sasa aje kwenye hubu yenyewe. Premio ya kawaida huvutwa na magurudumu ya mbele, kwa hiyo hubu yake ya mbele ina meno kwa ndani ambamo shafti huingia ili kuizungusha. Mark X nyingi husukumwa na magurudumu ya nyuma. Hubu ya mbele ya Mark X ya namna hiyo haina meno hata moja, kwa kuwa haina shafti ya kupokea. Zenye meno ziko nyuma, mahali ambapo Premio haizihitaji. Mwenye Premio akifuata ushauri aliopewa atakuwa na gari zuri sana la kusukumwa.

Tena hubu haiolewi peke yake; huja na ukoo mzima. Inakaa ndani ya beringi, na beringi imebanwa ndani ya chuma kinachounganisha shokomzoba, usukani na breki. Diski nayo imetobolewa kwa mduara ule ule wa stadi, kwa hiyo PCD ikibadilika diski inabadilika, na diski ikibadilika kipenyo au unene, kalipa inaanza kulalamika. Hapo bado hajagusa nyuma. Beringi nyingi za siku hizi zina pete ya sumaku upande mmoja, ambayo kihisi cha ABS huisoma; fundi akiigeuza, taa ya ABS itamwangazia Mwenye Premio njia nzima hadi Thika. Na beringi huingizwa kwa presi. Anayeiingiza kwa nyundo huiumiza kabla haijabeba hata kilo moja, na baada ya muda itaanza kuvuma, mvumo ukipanda kila mwendo unapopanda.

Hukumu: auze rimu hizo kwa mwenye Mark X au Noah, ambayo nayo ni tano kwa 114.3, kisha anunue za mduara wa 100. Zikiwa za inchi 15 au 16 zitabaki na tairi nene kidogo, na barabara za ndani za Gitothua zina mashimo yanayojua kupinda mdomo wa rimu ya 18. Binamu asamehewe. Hakusema zinaingia, alisema ni nzuri.

Barua ya pili, kutoka Ruiru mjini, ni ya kijana mwenye Subaru Impreza WRX STI ya 2003. Amesikia kwamba kwake hubu zinabadilika, naye anaogopa kwamba ni porojo za mtaani. Si porojo. Hadi modeli ya 2004 gari hilo lilitoka na mduara wa 100, na kuanzia ile ya 2005 Subaru yenyewe ikahamia 114.3. Kwa kuwa ni ukoo mmoja wa gari, wenye STI za zamani duniani kote wamekuwa wakizivisha hubu za zile mpya ili wapate rimu nyingi zaidi za kuchagua. Sharti ni kuchukua seti nzima, mbele na nyuma, na kuilinganisha na iliyomo kabla ya kufungua chochote. Atakayebadilisha mbele tu atalazimika kubeba tairi mbili za akiba, na safu haijaliona buti la Impreza lenye nafasi hiyo.

Msomaji wa tatu hakutaja anakokaa, na huenda amefanya busara. Fundi amemwahidi kutoboa tundu mpya kwenye rimu, "kazi ya nusu saa". Hesabu ni hii: kati ya mduara wa 100 na wa 114.3, kila tundu husogea kutoka katikati kwa milimita 7.15 tu, ilhali tundu lenyewe lina upana unaozidi milimita 12. Kwa hiyo tundu jipya lingemeza nusu ya lile la zamani, na nati ingekalia mwezi mwandamo. Fundi mjanja atasema atazungusha kidogo atoboe katikati ya tundu mbili. Ageuze basi rimu hiyo aitazame mgongo, kwa maana mara nyingi sehemu hiyo imechimbwa ili kupunguza uzito, na alumini iliyobaki ni nyembamba. Jibu ni hapana, na fundi atafutiwe kazi ya milango.

Mama mmoja wa Membley ana kisa kigumu zaidi, kwa sababu yeye alifanya karibu kila kitu sawasawa. Ana Premio, akanunua rimu za Subaru Forester ya zamani, mduara 100 kwa 100, zikaingia bila kelele. Tatizo linaanza akishaingia Thika Superhighway: akifika kilomita 80 kwa saa usukani unatetemeka, akipunguza unatulia. Amepima balansi mara mbili, akalipa mara mbili.

Balansi haina kosa. Katikati ya hubu kuna kidevu kinachoingia kwenye tundu kubwa la rimu, na hicho ndicho huiweka rimu katikati kabla nati hazijabanwa. Kidevu cha Premio ni milimita 54.1, tundu la rimu ya Subaru ni 56.1. Imebaki nafasi ya milimita moja kila upande, na rimu imekaa kombo. Dawa yake ni pete ya plastiki au alumini yenye 54.1 kwa ndani na 56.1 kwa nje, kitu ambacho bei yake haifiki popote karibu na bei ya hubu. Angekuwa na Volkswagen Polo Vivo, gari lililoanza kuunganishwa hapo Thika Desemba 2016, angekwama mapema zaidi: nayo ni tano kwa 100, lakini kidevu chake ni 57.1, kwa hiyo rimu ya Subaru isingeingia hata kwa dua.

Mama huyo aangalie na nati. Stadi za Toyota kama Premio yake zina nyuzi za 12 kwa 1.5, za Subaru ni 12 kwa 1.25. Nati iliyokuja na rimu itazunguka raundi mbili kwenye stadi ya Premio, itakaza, na kijana wa pancha ataongeza bomba kwenye spana. Hapo stadi imeharibika. Tena rimu nyingi za alumini za Toyota hutumia nati bapa yenye washa, na za Subaru hutaka nati yenye ncha ya koni. Anunue za koni zenye nyuzi za Toyota, zikazwe kwa kuvuka upande hadi upande, nguvu ya nyutonimita 103, na zikaguliwe tena baada ya kilomita mia hivi.

Mwenye Probox anayeona haya kwa sababu gari lake lina nati nne ilhali majirani wana tano atulie. Nati nne hizo, mduara 100, zinapitisha mizigo ya Meru hapo Ruiru usiku kucha.

Mwisho ni Mzee mmoja wa Thika, na safu inamwamkia kwanza. Ana Land Rover ya miaka ya 1970, enzi za Leyland Kenya, kiwanda ambacho baadaye kilikuja kuitwa Kenya Vehicle Manufacturers. Mwanawe anamshawishi avishe rimu za Prado. Land Rover ya Mzee ina stadi tano kwenye mduara wa milimita 165.1, Prado ina sita kwenye 139.7. Hubu ya Prado haina pa kukaa kwenye ekseli hiyo. Akitaka alumini, za Range Rover ya kwanza na Discovery ya kwanza zina mduara wake kamili, ila ni nene, kwa hiyo atabadilisha stadi aweke ndefu. Kijana aambiwe pia kwamba kampuni ya bima hutaka kujulishwa gari likibadilishwa, na ni heri iambiwe kabla ya ajali.

Wanaoandikia safu wataje modeli, mwaka, na namba zilizogongwa mgongoni mwa rimu. Picha ya gari lililooshwa peke yake haisaidii.