Baraza la Mbuyuni

Zamani, kabla Nkuhungu haijawa kata ya Jiji la Dodoma yenye mabati na bodaboda, wanyama walikuwa na baraza lao chini ya mbuyu. Mwenyekiti alikuwa Fahali, kwani hii ni nchi ya Wagogo, ambako ng'ombe ndiye mali, mahari na heshima.

Mwaka mmoja watoto walizaliwa wadogo sana. Kihongwe wa Punda alilala siku mbili bila kuweza kusimama, na siku ya tatu akafa. Wengine walisimama, lakini miguu yao haikurefuka. Punda aliposhika mimba tena, baraza likaitishwa. Ngedere, katibu, akasoma chanzo cha tatizo, ambacho kilikuwa kimeandikwa kabla ya kikao kuanza: akina mama hawajitunzi.

"Basi tutoe elimu," akasema Fahali.

Wakaandika kwa mkaa kwenye shina la mbuyu: Mjamzito ale vizuri. Apumzike. Awahi kliniki. Makofi yakapigwa. Wakati huohuo Punda akapita, mimba yake ikiwa ya miezi tisa kati ya kumi na miwili, mgongoni madumu manne ya maji, lita 80, akitoka kisimani. Hakusimama kusoma. Maji yale yalikuwa ya wajumbe.

Hondohondo ndiye aliyeomba nafasi. "Mzee Fahali, mke wangu akitaka kutaga hujifungia katika shimo la mti. Huziba mlango kwa udongo, akabakiza ufa mwembamba. Chakula chake na cha makinda hupita mdomoni mwangu, kisha katika ufa ule. Akikonda, mliyepaswa kumwita hapa ni mimi. Sasa tangazo hili linamsemesha nani?"

Mbwa Mwitu, aliyekuwa mgeni, akaongeza kwamba kwao mama hubaki pangoni na watoto, na kundi likirudi humtapikia nyama. Watoto wakikua wakaanza kufuata windo, hula wao kwanza, wakubwa wakingoja.

"Hizo ni mila zenu," Fahali akajibu.

"Tumuulize Punda," akasema Hondohondo.

Hakuna aliyewahi kumuuliza. Punda akatuliwa madumu, akakaa kimya kitambo, kisha akasema.

"Mnasema nile vizuri. Nyumbani madume hula kwanza, mimi hupata mabua. Majani ya mkunde nimekatazwa. Naambiwa nikiyala mtoto atazaliwa bila manyoya. Mnasema nipumzike. Huu ni mwezi wa palizi, na kisima hakijasogea. Mnasema niwahi kliniki. Niliwahi. Nilikwenda kwa Kobe mkunga mimba ikiwa changa, akasema utaratibu unataka nije na mume. Mume yuko machungani, harudi mpaka kiangazi. Akasema basi nilete barua ya mwenyekiti. Mwenyekiti ni wewe, Mzee Fahali. Nilikuja hapa mara mbili, nikaambiwa una shughuli. Mlikuwa mnaandaa tangazo."

Hapa natoka kidogo kwenye hekaya, kwa sababu Punda hakutunga. Kuna wajawazito Tanzania waliorudishwa nyumbani kutoka kliniki kwa kwenda bila mwenzi, wakaambiwa walete barua ya serikali ya mtaa. Kuna walioambiwa wasile mayai, mtoto asije akazaliwa bila nywele. Na Dodoma ina mvua ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, kwa hiyo palizi huja wakati uwele na mtama vimepungua ghalani: kazi nzito kuliko zote huangukia miezi ya chakula kichache kuliko yote. Msimu wa namna hiyo huacha alama. Katika kijiji cha Keneba, Gambia, watafiti walikuwa wakiandika vizazi na vifo tangu 1949. Walikuja kuona kwamba waliozaliwa msimu wa njaa walikufa mapema zaidi wakishakuwa vijana na watu wazima, miaka mingi baada ya njaa yenyewe kusahaulika. Kwetu, utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Ule wa 2015–2016 ulikuta 34. Inapungua, lakini bado ni karibu mtoto mmoja katika kila watatu, nami sikubali kwamba mama zao wote hawakujua kula vizuri ni nini. Tangazo la mbuyuni lilisema kweli tupu. Mapumziko, mboga, vidonge vya kuongeza damu, kliniki mapema: vyote vinahitajika. Lilikosea anwani.

Turudi barazani. Mama mkwe wa Punda alisimama kwa hasira. "Mimi nilibeba maji mpaka siku ya kujifungua. Nilizaa saba, na hakuna aliyenionea huruma."

"Waliosimama ni wangapi, Bibi?" akauliza Hondohondo kwa upole.

Mama mkwe akatazama chini. "Watatu." Kisha akasema, "Wale wanne hakuna aliyewahi kuniuliza habari zao. Waliniambia uzazi wangu ni mbaya, nami nikaamini. Mwaka wa nne nilikuwa nalima huku naona kizunguzungu, nikala udongo wa kichuguu, nikasema ndiyo mimba."

Akamgeukia Punda. "Mkwe wangu, yale majani ya mkunde nilikukataza mimi. Nilikatazwa na mama mkwe wangu. Kuanzia leo yakichumwa, fungu la kwanza ni lako."

Hapo kikao kikabadilika. Kobe akasema ataacha kudai barua. Atakayekuja na mume akaribishwe, atakayekuja peke yake apimwe siku hiyohiyo. Zamu za palizi zikapangwa upya, na mwenye mimba au anayenyonyesha akaondolewa jembeni. Ngedere akaambiwa afute ule mkaa na kuandika mahali pake majina ya wateka maji, siku kwa siku.

Fahali akauliza kama mwenyekiti naye anahesabiwa.

"Jumatatu," akasema mama mkwe. "Dumu lako ni lile lenye kamba nyekundu."